Namba Saba na Matita Manane ya Nyasi

Klabu ya magari ya milimani ya Bukoba ina kanuni moja ambayo hakuna anayeipenda: gari likivutwa mara tatu ndani ya mwaka linabanduliwa namba ya klabu, na mwenyewe husubiri Januari. Kufikia Oktoba mwaka jana, Land Cruiser ya Elieth Mutalemwa, namba saba, ilikuwa imeshavutwa mara mbili.

Elieth ana miaka sitini na moja na anaishi Nshambya. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa dereva wa chanjo. Alipeleka maboksi ya barafu Izimbya, aliyapeleka hadi kwenye mwalo wa boti za Bumbire, na anasema barafu ilimyeyukia njiani mara moja tu, siku daraja lilipoondoka na maji. Alipostaafu, gari lake lilipelekwa mnadani. Akaenda akalinunua. Mlango wa nyuma bado unafungwa kwa waya aliouweka akiwa kazini.

"Wenzangu wamestaafu wakafuga kuku," anasema. "Kuku hawanipeleki popote."

Jumamosi hiyo klabu ilipanga kupanda njia ya zamani ya kwenda Kamachumu, wilayani Muleba. Magari yalikuwa sita. Elieth alitangulia kwa sababu njia aliijua. Juu ya gari alikuwa amefunga matita manane ya nyasi kavu za kutandika sakafuni kwa mama yake, Joanitha, huko Kamachumu, aliyekuwa akitarajia wakwe kesho yake. Nyumbani kwa Joanitha mkwe hakanyagi saruji tupu.

"Mama, unahama na paa?" aliuliza Rutaihwa, mwenyekiti wa klabu. Ni daktari wa meno, mwenye gari jipya lenye winchi ya umeme ambayo kila mwanachama alikuwa ameshaonyeshwa.

"Nimekuletea chakula, Daktari. Nasikia gari lako linakula sana."

Walipofika katikati ya mwinuko, mvua ya mawe ikaanza. Ilipiga kwa dakika ishirini, mabati ya magari yakilia hata waliokaa kiti kimoja wasisikilizane. Ilipoacha, rweya yote, ule uwanda wa majani usio na miti, ilikuwa nyeupe, na njia imefunikwa hadi nusu ya kiatu. Elieth aliweka gea ndogo, akakanyaga mafuta kidogo. Magurudumu yalizunguka palepale.

Rutaihwa alikuja kwa miguu, akiteleza.

"Nipishe nipite, mama. Nikifika juu nakuvuta. Dakika tano."

"Itakuwa ya tatu hiyo."

"Kanuni ni kanuni. Namba utaichukua Januari."

"Haya, pita."

Alipita. Alimzidi kwa urefu wa magari mawili, kisha gari jipya likageuka taratibu, ubavu mbele, likakaa mtaroni. Rutaihwa alishuka, akauvuta waya wa winchi mita thelathini, akasimama nao mkononi. Alitazama kushoto, akatazama kulia.

"Ufunge kwenye wingu," alisema Derick, fundi redio, mwenye gari la tatu.

Elieth hakucheka. Alikuwa anatazama matita yake. Kusubiri barafu iyeyuke kulimaanisha tope, na tope la pale analijua: angevutwa tu. Kuzitumia nyasi kulimaanisha kumkabili mama yake. Alifungua kamba.

Alitandaza matita matano kwenye mikondo ya magurudumu, kwa utaratibu uleule anaoutumia sebuleni: mashina pamoja, ncha zote upande mmoja, asiache pengo. Akarudi ndani na kupanda bila kusimama. Alipofika kwenye ardhi ngumu alizima injini, akavuta breki ya mkono, akaweka mawe nyuma ya magurudumu.

"Leta waya wako, Daktari."

Winchi ilifanya kazi vizuri kama ilivyosifiwa. Gari lilitoka mtaroni kwa dakika tatu. Yaliyobaki yalipandishwa kwa waya huohuo.

"Kwa kweli mimi nimejivuta mwenyewe," alisema Rutaihwa. "Winchi ni yangu."

"Ilifungwa kwenye gari la nani?"

Rutaihwa alianza kuukunja waya.

"Moja," alisema Derick.

"Sawa," alisema Rutaihwa. "Mniandikie moja."

Huko juu mvua ya mawe haikufika. Klabu nzima, wakiwamo wafamasia wawili na mwalimu mkuu, ilitumia saa moja na nusu ikikata nyasi kwa mapanga. Walifika kwa Joanitha saa tisa alasiri. Bibi huyo wa miaka themanini na nne alipokea tita mojamoja, akalinusa, akapitisha kiganja. Aliagiza mabichi yaanikwe uani. Kwenye la mwisho alisimama.

"Hili limekatwa na nani?"

"Mimi, mama," alisema Rutaihwa.

"Waitu, mwanangu, pole. Umeng'oa na mizizi. Mpeni mbuzi."

Wakwe walikuja Jumapili na kukanyaga nyasi. Namba saba bado imebandikwa mlangoni. Katika safari ya Novemba, juu ya gari la Rutaihwa kulikuwa na matita mawili ya nyasi kavu. Elieth aliyakagua kabla hawajaondoka. Yalikuwa yamekatwa vizuri, juu ya mizizi.