Sakafu ya Mninga Aliyopewa Wifi

Mbao zile zilikuwa zangu. Nilipokuwa na mimba ya miezi mitano, mume wangu, ambaye ni seremala hapa Handeni, alinionyesha sakafu yetu ya udongo akasema mtoto wake hatatambaa kwenye vumbi hili, atatambaa juu ya mninga. Akaanza kukusanya, leo ubao mmoja, mwezi ujao mbili. Alizipanga juu ya kenchi za paa na kuweka vijiti katikati ili zikauke taratibu. Mwaka mzima nililala chali nikizitazama. Mtoto akazaliwa, akaanza kutambaa, magoti mekundu kwa vumbi. Nilimwambia mume wangu zimekauka. Akasema bado kidogo.

Ndipo akaja wifi, dada yake mkubwa, anayekaa Korogwe upande wa Ngombezi kwenye nyumba ya vyumba vinne na bati la rangi. Alikuja kumwona mtoto, lakini kabla hajampakata aliinua macho juu. Akamwambia mdogo wake kwamba sebule yake haijawekwa sakafu, na wanaokaa humo ni wapwa zake. Basi, maneno yakaishia hapo. Kwa Wazigua mjomba hawanyimi wapwa kitu. Mimi si Mzigua, natoka Dindira, sikulelewa hivyo, na hakuna aliyeniuliza.

Alichagua mwenyewe. Aligonga kila ubao kwa kidole, akaunusa, akaugeuza kama anachagua kitenge. Wenye fundo au ufa aliusukuma upande wangu.

"Huu, wifi, utakutosha kutengenezea mbuzi ya nazi," aliniambia, akacheka.

Nilicheka naye. Mpaka leo nakichukia kile kicheko changu.

Tulikaa Korogwe siku nne. Mume wangu alitandika nailoni ya kuzuia unyevu, akapigilia mirunda ya kubebea sakafu, halafu akaanza kupanga mbao, kila ubao ukiingiza ulimi kwenye mfereji wa mwenzake. Kando ya ukuta aliacha nafasi ya upana wa kidole, mbao zikivimba zipate pa kwenda. Mimi nilipiga msasa, mtoto mgongoni, jasho likidondokea mbao ambazo yeye angetambaa juu yake. Vanishi ilipokauka sebule iling'aa rangi ya asali. Wifi alivua viatu mlangoni, akazunguka peku huku na huku, akawaita majirani waje waone. Sijawahi kumwonea mtu wivu namna ile. Nilitamani ateleze.

Jioni ya kuondoka mume wangu aliniita pembeni. "Mwambie dada asipige deki. Afute na kitambaa kikavu tu. Maji yakiingia kwenye maungio, kazi yote imekwenda."

Kwa nini hakumwambia mwenyewe? Kwa sababu mwanamume hawezi kumfundisha dada yake mkubwa kufanya usafi, ni kumtukana. Maneno hayo ni ya wanawake, kwa hiyo nilipewa mimi niyafikishe. Nikaenda jikoni nikamkuta wifi anafunga kanga. Akanishukuru kwa msasa, akaniambia nimtunze mdogo wake, ana mikono ya dhahabu. Nikasema asante wifi, nikapanda pikapu.

Nilijua kabisa atakachofanya. Wifi yule hawezi kunywa chai kabla hajamwaga ndoo ya maji sakafuni. Kwake sakafu isiyolowa haijasafishwa.

Haikufika miezi miwili akapiga simu. Mbao zimeinuka katikati kama mgongo wa ng'ombe, mlango haufunguki. Mume wangu alikwenda, akakaa siku mbili, akarudi na mbao zimefungwa kamba. Wifi hakuzitaka tena, alikuwa ameshaagiza vigae.

Mume wangu alizishusha uani, akasimama mbele yangu.

"Ulimwambia?"

"Sikumwambia."

"Kwa nini?"

"Ulimpa sakafu ya mwanangu."

Nilisubiri kofi au tusi. Alichukua randa akaanza kuzinyoosha, na kwa wiki mbili hakunisemesha isipokuwa habari za chakula. Mbao nyingi zilikuwa zimepinda, hazinyooshiki. Zilizopona, pamoja na zile zenye fundo, zilitosha nusu ya chumba. Nusu nyingine ni vumbi mpaka leo, na mtoto anajua mpaka uko wapi.

Mwezi uliopita wifi alikuja. Alikaa upande wa mbao, akazipapasa. Akasema vigae vyake vinang'aa mpaka unajiona uso, ila hizi mbao zake zimependeza. Zake. Mtoto akamwaga kikombe cha maji, wifi akainuka akitafuta ndoo na tambara apige deki kabisa.

"Huku tunafuta na kitambaa kikavu, wifi," nilimwambia.

Alinitazama, akazitazama mbao. Kisha akakaa, akakunja miguu, hakugusa tena mbao zile.

Nilifuta mwenyewe.