Spika ya Mlangoni

Mama yangu hakuwahi kumwambia mgeni kwamba hakuna. Sufuria ikiwa tupu, mafiga yamepoa, na jirani amepiga hodi saa ya kula, mama alisema, "Karibu ukae, chakula bado." Jirani aliyaona mafiga, akaelewa. Alikaa kidogo, akaongea habari za mahindi, kisha akaaga mwenyewe. Hakuna aliyefukuzwa wala kuaibika. Nililelewa hivyo, na kwa malezi hayo mazuri nilimdhulumu mzee mmoja kuliko ambavyo mwizi angeweza kumdhulumu.

Katika miaka ya hamsini nilikuwa karani wa duka la redio mjini Iringa. Nilikuwa mtu mzima, nina mke na mtoto mmoja, nina kalamu ya wino mfukoni na majivuno ya kuwatosha makarani watatu. Tajiri wangu aliuza redio za betri, santuri, taa za kandili na takataka nyingine, lakini kilicholipa jina duka lile ni spika. Zilitoka Ulaya ndani ya masanduku ya mbao nzito yaliyofika gotini. Mbele kulikuwa na kitambaa cha kahawia. Nyuma ya kitambaa kulikuwa na karatasi nyeusi yenye umbo la faneli, na nyuma yake sumaku ambayo ukisogeza bisibisi inakunyang'anya. Uliiunga kwa nyaya mbili kwenye redio au santuri. Sauti yake haikuwa ya kelele. Ilikuwa nene, ya kifuani, ungedhani mtu mwenyewe amekaa humo ndani anaongea nawe taratibu. Tajiri aliipachika moja nje, juu ya mlango, chini ya bati, na Jumamosi watu walijaa barazani mpaka wateja wakakosa pa kupita.

Mzee huyo alitoka upande wa Kilolo. Alikuwa mkulima na mzee wa kanisa la Kilutheri, mrefu, mwenye koti moja alilolivaa jua na mvua. Siku ya kwanza nilipomwona alikuja na mkewe kununua taa. Yule mama alikuwa ameugua homa ndefu, na tangu hapo masikio yake yalikuwa yakifa kidogo kidogo, hata ikabidi mumewe aseme naye kwa mikono. Kabla ya hapo aliimba sauti ya kwanza kwaya. Nilikuwa nikijaribu spika mpya kwa sahani ya santuri yenye tenzi za kanisa. Yule mama, kwa uchovu wa safari, akaketi sakafuni akaegemeza kichwa kwenye sanduku. Mara akashtuka. Akageuka, akaweka paji la uso kwenye ubao, akafumba macho. Midomo yake ikaanza kufuata wimbo.

"Nasikia," alisema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo viziwi. "Baba, nasikia!"

Mzee alisahau taa. Alirudi baada ya mavuno, akainunua spika ile pamoja na redio, akaibeba mwenyewe kichwani. Aliniambia baadaye jinsi mambo yalivyokuwa nyumbani. Jumapili alasiri mama alioga, akavaa khanga safi, akapiga magoti, akaweka paji la uso pale mbele. Zikiisha nyimbo aliinuka na alama ya ubao usoni, akaongea wiki nzima. Aliongea hata kuwachosha watu, mzee akasema, na akacheka kwa furaha.

Kwa hiyo karatasi ilipopasuka mara ya kwanza niliitengeneza kwa moyo wote. Niliibandika kiraka kwa gundi ya uji wa mahindi, ile tuliyogundishia vitabu shuleni. Sikufikiri kwamba uji ni chakula. Mende wakala kiraka, wakala na karatasi yenyewe. Nikaibandika upya kwa gundi ya dukani, ikaimba tena, ila kwa kukwaruza. Halafu koili, ule waya mwembamba uliozungushwa kwenye sumaku, ikaungua, na huo ndio ukawa mwisho. Nilimjaribishia mama spika ndogo za mtindo mpya, zile nyepesi zenye sanduku la bati. Akaweka paji la uso, akangoja, akatikisa kichwa. Alisema anasikia muwasho tu, kama nyuki ndani ya chupa.

Tajiri akaandika kuagiza nyingine. Mzee akawa anakuja kila mwisho wa mwezi, kwa miguu na kwa lori akibahatika, analala kwa msharika mwenzake, asubuhi yuko mlangoni kwangu.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, baba. Habari za safari?"

"Nzuri tu. Ile spika yangu imefika?"

"Bado, baba."

"Haya. Nitamwambia bado."

Miezi ile ya mwanzo ilikuwa kweli. Kisha jibu la kiwanda likaja. Nililisoma mimi, kwa sababu barua zote za Kiingereza zilipitia kwangu. Walisema kiungwana sana kwamba spika za namna ile hazitengenezwi tena na hazitatengenezwa. Karatasi yake ilitoka kwenye karakana moja ndogo, na mwenye karakana alikuwa amezeeka akafunga. Mafundi waliojua kuikunja walibaki wachache, na vijana hawakutaka kujifunza kazi ya mikono isiyo na haraka. Tena wanunuzi wa siku hizi wanapenda kitu kidogo, chepesi. Mwishoni waliongeza kwamba wao pia wanasikitika, maana wanapata barua nyingi za kuisifu.

Nilimwuliza tajiri inakuwaje kitu kisifiwe hivyo kisha kiachwe. Alikuwa anafuta vumbi kwenye redio, hakuinua kichwa.

"Kitu kizuri hakina mteja wa pili," alisema. "Wewe umeuza spika ngapi hizi kwa mtu mmoja? Moja. Anaipenda, anaitunza, ikipasuka anakuletea uibandike uji. Hizi ndogo, mwaka mmoja karudi kununua nyingine. Kiwanda hakili sifa, bwana."

Nimeyafikiri maneno yale miaka mingi na sijapata pa kuyapinga. Sisi tulioipenda ndio tulioiua. Tuliifunika vitambaa, tukaikinga na moshi, tukaiazimisha kwenye harusi na vipaimara, tukajisifu kwamba haifi, na hatukununua ya pili. Wasiopenda kitu chochote ndio wanaovilisha viwanda.

Mwisho wa mwezi ule mzee akaja. Manyunyu yalikuwa yakianguka, koti limelowa mabegani. Barua ilikuwa ndani ya droo, karibu na goti langu.

"Ile spika yangu imefika?"

Nilimtazama. Nikamkumbuka yule mama ameketi sakafuni. Nikasema, "Bado, baba."

Sikukusudia kudanganya. Nilikusudia aketi kidogo, aone mafiga yamepoa, aage mwenyewe. Lakini duka halina mafiga. Mzee alitabasamu, akasema subira huvuta heri, nami, Mungu anisamehe, nikaitikia kwamba ni kweli, huvuta heri. Akatoka nje. Pale mlangoni akainua uso kuitazama spika ya tajiri iliyokuwa ikiimba chini ya bati.

"Ndugu yake huyu bado ana nguvu," alisema. Akarudi hatua moja. "Hii hamuuzi?"

"Ya nini hii, baba?" nikamjibu. "Ina vumbi, imepigwa na mvua. Ya nini, na yako mpya inakuja?"

Akakubali. Aliona aibu hata, kana kwamba amekuwa na tamaa. Akashika njia ya Kilolo.

Haikupita miezi miwili akaja mzungu wa klabu ya wakulima wa chai kule Mufindi, akaitaka ile ya mlangoni kwa ajili ya dansi zao. Tajiri akaniuliza mbele yake, waziwazi, "Kuna mwenyeji yeyote aliyeiulizia?" Ilikuwa nafasi yangu. Nilitakiwa kusema ndiyo tu. Lakini kusema ndiyo kungenilazimu kumweleza mzee kwa nini apewe kuukuu wakati mpya iko njiani, naye angejua kwamba ile miezi nilikuwa namchezea. Nikasema, "Hakuna." Neno ambalo nilishindwa kumwambia mzee lilinitoka kirahisi kwa mtu asiyelihitaji. Niliifunga spika kwa magunia na majani makavu kwa mikono yangu, nikaipandisha kwenye gari.

Mzee alipokuja na kukuta mlango uko kimya, aliuliza imeenda wapi. Nikamwambia imepelekwa kusafishwa. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yangu iliendelea kurefuka, nami niliipita kila mwezi, nikiwa na tai shingoni.

Tajiri alipofungua duka la pili Mbeya na kunitaka niende kulisimamia, mke wangu alishangaa jinsi nilivyofurahi. Nilikuwa nakimbia. Nilimwagiza karani aliyenirithi, akija mzee wa Kilolo amwambie bado. Lori lililotubeba na vyombo vyetu lilipita Mufindi kushusha mizigo, na baada ya Igowole likasimama penye klabu ile. Niliiona spika barazani. Walikuwa wamekwisha kupata nyingine ya kisasa. Kitambaa kilikuwa kimechanwa, karatasi imetobolewa katikati, na juu ya sanduku wameweka chungu cha maua, maji yanachuruzika kwenye mbao. Mtumishi aliyepokea mizigo aliniona nikitazama, akasema, "Hiyo mbovu, bwana, watoto waliipiga mpira." Nilirudi kwenye lori. Mke wangu aliniuliza kama naumwa, nikasema bado sijala.

Mbeya nilikaa salama miezi kadhaa. Asubuhi moja ya kipupwe, upepo unashuka mlimani na wateja wamejikunyata, nikamwona mzee anavuka barabara na sanduku kichwani. Yule karani wa Iringa alikuwa amechoka kumwona, akamwambia, "Karani wako yuko Mbeya, labda mzigo umepelekwa huko." Mzee akapanda basi. Mbeya hakuijua, akapitilizwa mpaka Mbalizi, akarudi kwa miguu amebeba spika ile iliyokufa, ili tupime vizuri tundu la kuweka mpya.

"Kamwene, mwanangu," alisema, akitua mzigo. "Umenihamia mbali."

Nilimpa kiti, nikampa chai. Alishika kikombe kwa mikono miwili, vidole vimekakamaa kwa baridi. Akauliza hali ya mke wangu, hali ya mtoto, hali ya kazi. Nami nikamwuliza hali ya mama.

"Yupo. Jumamosi anafuta sanduku kwa mafuta, Jumapili anavaa. Anaweka uso pale hata kama ni kimya. Namwambia kwa mikono, bado, bado. Anasema haya, ila anaogopa isije ikafika yeye amesahau kuimba." Akaweka kikombe chini. "Imefika huku?"

Nilimwambia. Nilimwambia yote, nikiwa nimesimama, kama mtoto mbele ya mwalimu: barua, droo, kiwanda, kwamba hazitengenezwi tena mahali popote duniani. Nilipomaliza alikaa akitazama sanduku lake.

"Na ile ya mlangoni?"

"Iliuzwa, baba."

"Lini?"

"Baada ya barua. Kama miezi miwili."

Alihesabu kwa vidole, polepole, akirudi nyuma. Nilijua anatafuta nini. Alikuwa anatafuta siku ile ya manyunyu aliporudi hatua moja. Alipoifikia alikifumba kiganja, akakiweka gotini.

"Niliiulizia," alisema.

"Uliiulizia, baba."

Ningependa angenitukana. Nilisubiri matusi kama mtu anavyosubiri mvua, na hakuna lililokuja. Alisema tu kwamba mkewe anajua kusoma, alisomea misheni, na kwamba jambo kama hili yeye hawezi kulisema kwa mikono. Akaniomba nimwandikie mama mwenyewe, kwa Kiswahili, yeye ataipeleka barua.

Nikachukua karatasi ya duka, ile yenye maandishi ya buluu juu. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, ndio ulionipa kazi. Niliandika kwamba spika haitakuja. Niliandika kwamba kulikuwa na moja nzima, na kosa ni langu, si la mumewe. Ilijaa nusu ukurasa. Ilikuwa mara ya kwanza kuandika jambo lile, nikajisikia mwepesi, na nauonea haya wepesi ule mpaka leo.

"Nisomee," mzee alisema.

Nikamsomea. Alisikiliza ameinamisha kichwa, koti lake linanuka moshi wa nyumbani na vumbi la barabara. Nilipofika mwisho mteja mmoja akaingia, akatuangalia, akatoka.

"Chana hiyo," alisema.

"Baba, ni kweli tupu."

"Najua. Wewe umeisema na umemaliza. Mimi ndiye nitakayekaa pale anasoma." Akasimama, akaliinamia sanduku, akaanza kulifunga kamba yake upya. "Mwandikie bado."

Nilichana. Nikachukua karatasi nyingine, nikaandika neno lile moja katikati ya ukurasa, kubwa, bila kosa. Mzee aliniambia niweke na muhuri wa duka, ili mama aamini. Nikauweka.