Amri ya Kusubiri

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Mitambo alinikabidhi rundo la kadi zenye matundu, kila moja ikibeba mstari mmoja wa programu ya kompyuta. Ubavuni pa rundo palichorwa mstari wa mshazari kwa penseli.

"Zikianguka, mstari huo utakuonyesha namna ya kuzipanga," alisema. "Lakini usiziangushe."

Nilikuwa kijana wa Keko niliyemaliza kidato cha nne; nikalibeba rundo kwa mikono miwili.

Baadaye nikawa mkaguzi wa programu mama, ile inayoendesha programu nyingine zote ndani ya kompyuta. Sikuwa mtu wa kutulia. Nilikagua nimesimama, nikisaka vitu vidogo: jina refu mno, amri iliyotoka nje ya safu, maelezo mengi. Maelezo ni maneno ambayo mashine huyaruka. Yapo kwa ajili ya mtu atakayesoma baadaye. Enzi hizo za kujitegemea kadi zilikuwa adimu, na kila mstari wa maelezo ulikula kadi yake, basi nikawa nayafuta.

Rehema, mwandishi wetu wa programu, ndiye niliyemsumbua zaidi. Kabla ya mashine kusoma utepe wa sumaku uliotunza taarifa zetu, aliweka amri ya kusubiri kidogo, na juu yake maelezo ya sababu.

"Dada, programu mama si gazeti," nilimwambia, nikiyakata maelezo yake kwa penseli.

"Sawa, ndugu mkaguzi. Ikikwama, uisomee dua."

Rehema akahamishiwa ofisi ya Ubungo. Siku moja nikaiona ile amri ya kusubiri, imekaa peke yake kama haina kazi. Nikaitoa.

Kesho yake orodha za dawa za zahanati za mikoani, ambazo mashine yetu ilizichapa, hazikutoka. Mashine ilikwama kila ilipogusa utepe, na malori ya kupeleka dawa yakabaki uani.

"Nani kagusa hapa?" Mkuu aliuliza.

"Mimi, mzee."

"Basi kamlete anayejua."

Rehema alikuja, hakuchukua muda. "Mtambo wa utepe umezeeka. Usipoupa nafasi ya kushika mwendo, unasoma utupu." Akarudisha kadi ya amri ya kusubiri. Nilipomwomba aandike na maelezo, alinisukumia penseli.

"Andika wewe. Sasa unajua."

Niliandika. Malori yaliondoka jioni hiyo.

Nimestaafu, naishi Sinza, na bado situlii. Maelezo ya Rehema yalirudi kwa sababu Rehema alikuwa karibu. Ya wengine niliowafutia, waliokwisha kuondoka, sikuwa na wa kumuuliza. Hadi mashine ile inaondolewa, ndani yake mlikuwa na amri ambazo hakuna aliyejua sababu yake wala kuthubutu kuzigusa, nami mkaguzi nilizipita, penseli mfukoni.