Ng'ambo ya Jiwe Jeusi

Kwetu Faza wanawake huwinda pweza kwa miguu, maji ya bamvua yakipwa na mwamba ukabaki wazi. Mama alinianzisha nikiwa mdogo, kila mmoja wetu na fimbo yake. Alinifundisha kuburuza nyayo mchangani nisije nikamkanyaga taa na mwiba wake wa sumu, kulitambua tundu la pweza kwa makombe yaliyorundikana mlangoni, na kumtoa pweza bila kulivunja tundu, kwa sababu mwingine atahamia. Matundu hayo ni siri ya nyumba. Binti huachiwa na mama yake kama anavyoachiwa vyombo.

Zaidi ya yote alinifundisha kuliamini neno lake. Alisema watu hudanganyana sokoni, jikoni, hata kitandani, lakini mwambani hapana, kwa kuwa uongo wa huko unaua. Nililishika hilo kama nilivyozishika sura za Kurani chuoni. Akisema kanyaga, nakanyaga. Aliponiambia kwamba ng'ambo ya jiwe jeusi kuna mkondo uliomchukua shangazi yake, sikuuliza. Kila tulipolikaribia jiwe lile nilimsomea marehemu Fatiha.

Niliolewa, nikamfuata mume Kililana kwenye shamba lake. Ndoa ilipovunjika nilirudi na mtoto wangu kwa mama. Kazi nyingine siijui, nikashika fimbo. Matundu niliyoonyeshwa yalikuwa matupu, au yana vitoto vya pweza visivyojaza kiganja. Mwanangu akawa anakula wali kwa chumvi. Mama alinipa pole, akasema bahari imechoka.

Asubuhi moja nikamwona mdogo wangu, aliyebaki nyumbani na mumewe, akilipita jiwe jeusi. Nilipiga mayowe. Nilikimbia nikianguka na kuinuka, magoti yanachanika, nikimwita arudi. Akageuka kunishangaa. Maji yalimfika vifundoni tu, na kwenye kamba yake walining'inia pweza wakubwa ambao sijawahi kuwashika mimi.

“Kwani mama hakukwambia?” akaniuliza.

Nilimkuta mama uani anachambua mchele. Nilimuuliza habari za shangazi yake, naye hakuhangaika hata kutunga uongo wa pili. Hakuwahi kuwa na shangazi aliyezama. Miaka yote ile nilikuwa namwombea rehema mtu ambaye hakuzaliwa.

“Naliyua wewe ni mtu wa kwenda,” akasema. “Ndia ile ningalikupa, ungalimpa mumeo.”

Niliumia kwa njia ile niliyonyimwa, na hadi leo naumia. Alinihukumu nikiwa mtoto nisiyejua hata mume ni kitu gani, na alinihukumu huku amenishika mkono, akinisifia utiifu wangu. Njaa ya mwanangu aliitazama sahani kwa sahani, akanyamaza.

Siku hizi naenda huko ng'ambo, kwa ruhusa yake mwenyewe. Mwanangu anakula vizuri. Juzi tulikwenda pamoja, mama na mimi, tukafika penye mfereji unaoukata mwamba. Alitangulia, akavuka, akageuka kuniambia maji ni ya magoti, nije. Nilikuwa nimemwona kwa macho yangu akivuka. Hata hivyo nilisimama, nikachomeka fimbo, nikapima.

Yalikuwa ya magoti. Nilipoinua uso mama alikuwa bado ananitazama, kanga imemlowa, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kunifundisha.