Shibiri Moja ya Mchanga

Mara ya tatu shemeji yangu aliponiletea ile mashine, sikumpa hata kiti. Niliendelea kulehemu waya wa redio ya mteja, nikamwacha asimame mlangoni na chuma chake begani.

"Imepungua kina, shemeji," akasema.

"Haijapungua kitu. Nimeifungua mara mbili. Mashine hiyo ni nzima kuliko wewe."

Nilisema kwa utani, kama mashemeji tunavyotaniana. Sikujua kwamba nilikuwa nimesema kweli tupu.

Shemeji amemwoa dada yangu mkubwa. Kwa miaka ishirini na sita alinyoosha bodi za magari: mlango uliobonyea, bampa lililokunjika, nyundo asubuhi mpaka jioni. Mgongo ulipomkatalia, akanunua mashine ya kutafutia vyuma, nayo ilikuwa imeshatumika na kuchakaa, akahamia ufukweni. Watu hupoteza vitu huko kwa namna za ajabu. Mtu mzima mwenye akili zake huvua pete, akaifunga kwenye pembe ya taulo ili isipotee, kisha akasimama na kulikung'uta lile taulo kwa nguvu zake zote. Hao ndio wateja wa shemeji.

Wengi hudhani mashine ile inaona mpaka kuzimu. Humuuliza kama imegundua sanduku la dhahabu mita kumi chini, naye huwaonyesha mkono wake. Sarafu kwenye mchanga mkavu, huwaambia, ni shibiri moja, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole kidogo, na kama imesimama wima hata hiyo shibiri usiitegemee. Mfuniko wa sufuria unaweza kuwa chini kiasi cha kuingiza mkono hadi juu ya kiwiko. Pipa zima, labda kina cha kiuno. Kwenye mchanga uliolowa maji ya bahari, chumvi huisumbua mashine ikapiga kelele ovyo, kwa hiyo inabidi uipunguze makali, na ukiipunguza makali umeipunguza kina. Tena kitu kinavyozidi kwenda chini, mlio wake kwenye hedifoni unazidi kuwa mwembamba, mpaka mwisho ni kama mtu anayevuta pumzi chumba cha pili. "Vidole vinne vya mwisho havimo kwenye mashine," alikuwa akijisifu. "Vimo sikioni mwangu."

Lakini sifa yake kubwa haikuwa kupata. Ilikuwa kukosa. Shemeji hupiga vijiti, hufunga kamba, hupita eneo zima kwa mistari, kila mstari ukipanda juu ya nusu ya mwenzake, kisha hugeuka na kulipita upya kutoka upande mwingine. Akimaliza huvua hedifoni na kusema, "Haipo." Basi. Watu hukunja mikeka yao wakarudi nyumbani, wala hakuna anayechimba tena. Ndipo wakamwita Bwana Haipo, na alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake.

Miezi minane kabla ya siku ninayoisimulia, mwanamke mwoka mikate wa mtaa wa pili alipoteza bangili nyembamba ya dhahabu. Aliivua ili aingie majini, akaitia mkobani, mkoba akamwachia wifi yake, mke wa mdogo wake. Watoto walikuwa wakikimbizana, mkoba ukapinduka, vitu vikamwagika na kukusanywa haraka haraka. Jioni bangili haikuwemo. Shemeji akaitwa. Kwa siku moja na nusu alipita chini ya ule ukuta wa mawe walipokuwa wameketi, akasema, "Haipo."

Sasa fikiri mwenyewe. Kama haimo mchangani, imo wapi? Hakuna aliyemwita wifi mwizi, afadhali wangemwita akajibu. Waliacha tu kumwachia mkoba, kisha wakaacha kumwachia funguo, kisha wakaacha kumwalika. Dada yangu, ambaye huwashonea nguo wote wawili, alituletea habari hiyo mezani. Shemeji akaendelea kula. "Mimi nilisema haipo," akasema. "Hayo mengine ni yao."

Basi hiyo mara ya tatu hasira zilinipanda. Nikafunga kibanda, nikamwambia twende huko huko ufukweni akanionyeshe hicho kina kilichopungua. Njia nzima alilaumu. Alilaumu betri, akalaumu chumvi, akasema mchanga wa siku hizi si ule wa zamani. Mimi nilikuwa nimeshalaumiwa mwezi uliotangulia, kwa hiyo safari hii nilisamehewa.

Tulifukia sarafu kina cha vidole vinne. Akaisikia. Nusu shibiri, akaisikia, ingawa alikunja uso. Shibiri nzima.

"Umeona?" akasema. "Kimya."

Nilimnyang'anya hedifoni, nikavaa, nikapitisha sahani ya mashine juu ya mchanga. Ikalia. Ulikuwa mlio mdogo, wa juu, lakini haukuwa na shaka hata kidogo. Nikapitisha tena, ikalia tena. Nikamrudishia hedifoni kichwani, nikashika mpini mimi mwenyewe, nikapitisha sahani juu ya ile sarafu mara tano. Alisimama akitazama mawimbi, anasubiri kwa adabu.

"Haya, anza basi," akasema.

Nilitafuta neno la mzaha, na mimi si mtu wa kukosa neno, nikalikosa.

"Shemeji, inalia," nikamwambia. "Inalia tangu muda ule."

Alinitazama. Kisha akapiga magoti akaanza kuifukua sarafu kwa mikono, polepole, kazi ya dakika moja akaifanya kwa dakika tano, ili asilazimike kuinua uso.

Jioni tulipomweleza nyumbani, dada yangu hakushangaa hata kidogo. Alikuwa kwenye cherehani, hakusimamisha hata gurudumu. "Redio ya nyumba hii wanaisikiliza mpaka jirani wa nyuma," akasema, kwa sauti kubwa ya kumfikia mumewe. "Nilikuambia mwaka juzi, ukanijibu mimi ndiye ninayenong'ona. Nikanyamaza. Niliogopa ukijua utaitupa mashine, ukae hapa unitazame nikishona mpaka ufe." Hapo ndipo gurudumu liliposimama, akajifuta macho kwa kipande cha kitambaa.

Nyundo ikila sikio huanza na sauti za juu. Shemeji alikuwa bado anasikia ngoma, lori na ukali wangu. Filimbi ndiyo ilikuwa imemtoka, na mashine yake ilikuwa ya filimbi. Usiku sikulala vizuri kwa aibu, maana mimi ni fundi wa sauti na nilitazama waya nikasahau sikio. Asubuhi niliifungua, nikabadilisha kipande kimoja kidogo kuliko punje ya harage, na mlio ukashuka hadi ukawa mkoromo wa mzee aliyeshiba.

Tukarudi ufukweni, sarafu ikafukiwa shibiri nzima. Alipitisha sahani mara moja tu.

"Hiyo hapo!" akapiga kelele, akanipiga ngumi ya mgongo, akacheka mpaka watu wakageuka. Nami nilicheka. Kisha kicheko chake kikakatika ghafla, na nikajua kwa nini kabla hajafungua mdomo.

"Nimewaambia watu haipo," akasema. "Mwaka mzima na zaidi, shemeji. Nimewaambia haipo."

Hakuniuliza twende wapi. Alienda moja kwa moja kwenye ule ukuta wa mawe, akapiga vijiti, akafunga kamba. Kwenye mstari wa nne alisimama, akarudisha sahani nyuma, akaipeleka mbele, akapiga magoti. Bangili ilikuwa kina cha shibiri moja na upana wa kidole.

Hapa lazima niseme jambo ambalo linanitia aibu. Mimi ndiye niliyempa uongo.

"Mwambie mchanga umehama," nikasema. "Unahama kweli. Wimbi kubwa likija huinua vya chini na kufukia vya juu. Siku ile haikuwepo, leo ipo. Jina lako linabaki."

Aliigeuzageuza ile bangili kiganjani. "Nikisema siku ile haikuwepo, watasema wifi ameogopa, amekuja kuifukia mwenyewe. Hapo nitakuwa nimemmaliza."

Nikang'oa vijiti, nikakunja kamba, tukaondoka.

Mwoka mikate alikuwa anatoa mikate tanurini tulipofika. Alipoiona bangili aliangusha sinia, akalia, akamwombea shemeji kila baraka. "Na ulisema haipo!"

"Ilikuwepo," shemeji akasema. "Siku ile ile nilipita juu yake. Masikio yangu yamekufa na sikutaka kujua. Nipeleke kwa wifi yako."

Yule mama aliacha kulia. Alifungua aproni kwa mikono iliyojaa unga, akatutangulia.

Wifi alikuwa chumba cha mbele, anakunja nguo zilizoanuliwa. Alipoona ni nani yuko mlangoni hakusema karibu, na mwoka mikate hakuthubutu kuingia. Shemeji alisimama pale kizingitini, akarudia maneno yale yale, hakupunguza hata moja, kisha akanyoosha mkono wenye bangili ili yule mwanamke aione. Hakuitazama. Alikuwa ameshika shati la mtoto, ameinamisha kichwa, akasema kitu kwa sauti ndogo.

Mimi nilisikia. Mwoka mikate naye alisikia, akashika ukuta.

Shemeji akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Nisamehe, mwanangu. Sauti ndogo hainifikii. Sema tena."

Yule mwanamke akainua kichwa. Hakumtazama shemeji, alimtazama wifi yake, akapaza sauti mpaka watu waliokuwa wakipita nje wakasimama.

"Nimesema, nilikuwa nimeanza kujiuliza kama kweli niliichukua."