Sensor ya setilaiti yetu ilikuwa inageuka kila mchana, mie nikalisingizia jua

Habari za humu wakuu. Kisa hiki angekileta mwingine ningesema anatupiga kamba. Ila ni changu mwenyewe na mafaili ninayo kwenye laptop, kwa hiyo kaeni mkao wa kusoma.

Nipo kwenye kikundi cha vijana tunaotengeneza kisetilaiti, size ya boksi la viatu. Kuna wenzetu wa nje wamekubali kukirusha pamoja na cha kwao.

Kazi yangu mie ni sensor. Moja inapima attitude, yaani setilaiti imekaaje na imeelekea wapi. Nyingine ni accelerometer, inahisi msukumo na mtikisiko. Kisetilaiti kisipojua kimeelekea wapi, kamera itapiga picha za giza tu huko juu.

Sharti la kiongozi wetu, braza Deo, lilikuwa hili: nimpe data safi ya kifaa kilichotulia kwa siku kadhaa. Data ikiwa chafu, sensor zetu tulizounganisha wenyewe zinatolewa, tunafunga za kununua. Nimezihangaikia zile sensor mpaka nimekonda. Niliogopa kweli.

Chuoni hakufai, jenereta linatetemesha mpaka vikombe. Nikaamua kupimia nyumbani.

Nimepanga Mtoni kwa Bi Salha, mama wa Kiarabu mwenye duka la vitambaa hapo hapo chini. Juu kuna chumba kitupu, sakafu ya vigae, upepo wa kutosha. Nikamwamkia, nikamwomba niweke kisanduku changu cha sensor kule.

"Kinafanya nini hicho?"

"Kinajua kimeelekea wapi, mama."

"Maashallah. Weka tu mwanangu."

Nikakilaza kwenye mstari wa vigae, mshale niliouchora juu yake ukiangalia kusini, upande wa Mbagala. Hakukuwa na sababu yoyote, ni waya tu ulifika hivyo. Data nikawa naivuta kwa Wi-Fi nikiwa chumbani kwangu.

Asubuhi ya kwanza, raha tupu. Kifaa kikiwa kimetulia, accelerometer inaona mvuto wa dunia tu basi, na ndicho nilichokiona. Mstari umelala.

Mchana, balaa. Mtikisiko kidogo, halafu sensor ya uelekeo inasema kisanduku kimegeuka karibu nusu duara. Kinakaa hivyo kwa muda. Mtikisiko tena, kimerudi. Alasiri vilevile.

Nikapanda ngazi mbio. Kisanduku kipo palepale kwenye mstari wake, kinaangalia Mbagala, hakina habari na mtu.

Kesho yake hivyo hivyo. Nikamtumia Deo grafu.

Akajibu: "Joto hilo, dogo langu. Jua linakaanga hiyo zege, sensor inachanganyikiwa. Ikiendelea mpaka Jumatatu tunafunga za kununua."

Wakuu, nikakimbia kununua pazia zito. Nikalitundika, nikazungushia kisanduku sponji, nikabandika karatasi za kung'aa dirishani. Chumba kikapoa vizuri tu. Sensor ikaendelea kugeuka.

Halafu siku moja ikatulia. Kutwa nzima. Na jua la siku hiyo lilikuwa la kutoa roho. Hapo nikajua joto linasingiziwa.

Sasa siku hiyo kulikuwa na tofauti gani? Nikawaza weee, ndipo nikakumbuka duka lilikuwa limefungwa. Bi Salha alikuwa harusini Tanga.

Aliporudi, mchana wake nikajifanya napanga waya kule juu. Adhana ikalia. Bi Salha akapanda, tukasalimiana, akatandika mswala wake kwenye alama iliyochorwa sakafuni, alama ambayo mie nilidhani ni ya mafundi. Kisha akainama, akakishika kisanduku kwa mikono miwili taratibu, akakigeuza mpaka mshale ukalingana na ukingo wa mswala. Akasali. Alipomaliza akakirudisha kwenye mstari wa vigae, sawia.

"Mama, kumbe ni wewe?"

"Mwanangu, niliona umeniwekea mshale wa kibla, umekosea. Nikasema kijana wa watu katoka Bukoba, atajulia wapi? Nikaona haya kukwambia. Lakini na mie siwezi kusali mshale unanipeleka Mbagala."

"Na mbona unakirudisha?"

"Si ndivyo ulivyokiweka? Kitu cha mtu kile."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu kicheko kikakata, nikakimbilia laptop.

Maana wenye uwezo wao wana meza maalumu ya kuzungushia sensor. Unaigeuza, unairudisha, unaangalia kama inasema kitu kilekile kila mara. Sie hatuna. Kumbe Bi Salha alikuwa anatufanyia kipimo hicho kila siku, kutoka mstari wa vigae hadi alama ya mswala na kurudi. Nikazipanga namba: uelekeo wa kibla uleule, wa Mbagala uleule, tofauti ndogo mno. Na kila alipokishika, accelerometer ilionyesha.

Sensor ilikuwa inasema ukweli muda wote, mie ndiye niliyekuwa naibishia.

Nikamwandikia Deo kila kitu. Kisha ikaja voice note, nusu yake kicheko, na mwisho wake: "Zinapanda zetu."

Nilishuka dukani kumpa Bi Salha habari, machozi yananilenga. Akaacha kukunja kitambaa, akafikiri.

"Sasa kikifika huko juu mwanangu, nani atakigeuza?"

Nikamweleza kina vigurudumu vyake ndani, vikizunguka kitajigeuza chenyewe. Akaniangalia kama mtu anayeacha mtoto aende bweni.

"Basi mie nitakiombea dua."

Nilichojifunza wakuu: kabla hujakaa na grafu siku nzima, muulize kwanza anayeishi na kifaa chako. Mie ningeuliza swali moja tu, hata lile pazia nisingelinunua.

Haya, na wewe uliyewahi kukitukana kifaa kumbe ni mtu wa nyumbani, shuka na kisa chako hapo chini tucheke wote. Pazia nalo bado lipo, anayelihitaji aseme.