Ng'ombe Wasiohesabiwa

Chekechea yangu ilianzia uani, pale Mandewa, mjini Singida, baada ya duka la ushirika nilimokuwa nikiuza kufungwa. Biashara zilikuwa zimeachiwa huru, na akina mama wengi wa mtaa wetu walishinda sokoni, huyu na vitunguu, yule na mitumba. Waliniachia watoto asubuhi, na mimi, ambaye ualimu wangu ulikuwa semina moja ya kanisani, ikanibidi nifikirie tutafanya nini mpaka mchana.

Vifaa nilivipata hapo hapo. Mchanga laini nilioupepeta ukawa ubao: niliumwaga kwenye ungo, mtoto akaandika herufi kwa kidole, akatikisa, ikafutika. Vizibo vya soda vilikuwa vya kuhesabia. Kwenye beseni la maji tulitumbukiza gunzi, jiwe, jani na kijiko, na kabla ya kila kitu kuingia watoto walibishana. "Litazama!" "Halizami, we!" Gunzi lilipoelea, waliopatia walicheza kama wameshinda mpira. Upepo wa Singida ulipozidi, tulipepeta alizeti, mapepe yakaruka mpaka kwa jirani, naye akapiga kelele kwamba nguo zake zimeanikwa.

Lakini kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa udongo. Walifinyanga vyungu, viti, redio, na zaidi ya yote ng'ombe. Hawakufinyanga ng'ombe wa hivi hivi. Kila mmoja alimtengeneza ng'ombe anayemjua, mwenye pembe zake na nundu yake, na mabaka waliyapaka kwa majivu na mkaa.

Mwaka huo ikafunguliwa shule ya awali ya binafsi karibu na soko. Watoto walivaa soksi nyeupe na kuchezea vitu vya plastiki vilivyotoka Dubai. Wanafunzi wangu wawili walihamia huko. Wa tatu kutajwa kwamba atahama alikuwa binti wa mfanyabiashara wa mitumba, mwenye nyumba za kupangisha mtaani kwetu. Wapangaji wake wote walimwangalia yeye katika mambo ya watoto. Nilijua kwamba binti yule akiondoka, wenzake watamfuata, na uani kwangu patabaki kuku.

Baba huyo alikuja mwenyewe asubuhi moja, shati limenyooshwa, mkono umemshika binti. Watoto walimsalimia kwa pamoja, "Shikamoo!", wakarudi kwenye udongo.

"Mwalimu, sikufichi," alisema. "Mtoto anarudi na matope mpaka masikioni. Mama yake anafua, anafua. Wenzake kule wanaimba kwa Kiingereza. Huyu ananiambia leo amefinyanga dume."

"Dume zuri," nilisema.

"Sijamleta afinyange. Kuhesabu anajua?"

"Anajua."

Akachuchumaa mbele ya kibao tulichoanikia ng'ombe. "Haya, mama. Nihesabie ng'ombe hawa."

Binti akawatazama, akaweka mikono nyuma.

"Hesabu. Moja..."

Binti akatikisa kichwa.

"Umeona, mwalimu?" Akainuka akijipangusa magoti. "Kweli unawalea vizuri, wala sikusemi. Lakini Jumatatu nampeleka kule."

Lakini nilikuwa nimemwona binti yule akihesabu siku nyingi mno kuamini kwamba amesahau. Nikamwaga vizibo kwenye jamvi. "Mhesabie baba hivi."

Akakaa, akavisogeza kimoja kimoja, akafika ishirini bila kujikwaa. Alipofika mwisho akaanza kurudi nyuma, bila kuambiwa, kwa madaha.

"Kumbe unajua!" Baba yake alishangaa. "Mbona ng'ombe hukuwahesabu?"

"Babu wa Unyambwa alinikataza. Alisema ng'ombe hawanyooshewi kidole, hawahesabiwi. Ukiwahesabu wanaisha."

Babu wa Unyambwa alikuwa baba mzazi wa yule bwana, na binti alikuwa akipelekwa kwake kijijini kila wikendi. Baba akacheka kicheko kirefu mpaka jirani akachungulia. "Mzee huyo! Hata mimi nilichapwa kwa kosa hilo hilo!"

"Sasa unajuaje kama wote wapo?" nilimuuliza binti, swali likinitoka kabla sijalifikiria.

Alinitazama kwa huruma, kama anayemwona mtu wa mjini. "Si ninawaangalia? Yule mwenye mabaka hayupo."

Tulitafuta. Alikuwa kweli hayupo. Kuku walikuwa wamepita na kumwangusha nyuma ya kibao, sikio moja limemeguka.

Baba akamwokota, akamgeuza mkononi. "Huyu ni yule ng'ombe wa mama yako mkubwa?"

"Ndiye."

"Hapana, bwana. Pembe zake haziko hivi. Hizi zimekaa kama za mbuzi." Akakunja mikono ya shati lile lililonyooshwa. "Lete udongo kidogo. Na nundu mmeisahau! Ng'ombe bila nundu ni punda."

"Punda ana masikio marefu!" mvulana mmoja alimjibu, na watoto wakaangua kicheko.

"We, nani kakuambia unibishie?" Lakini tayari alikuwa amekaa kwenye jamvi, watoto wamemzunguka, akiwaonyesha jinsi ya kubana udongo kwa maji kidogo ili pembe isipasuke. Mama mmoja, mpangaji wake, alipita na beseni la vitunguu kichwani, akasimama.

"Baba mwenye nyumba, leo na wewe umeanza chekechea?"

"Pita, mama, pita. Na wako mlete mapema kesho, mwalimu asisubiri."

Alipojaribu kumnyanyua ng'ombe aliyemmaliza ili amwone vizuri, binti yake akampiga kofi dogo mkononi.

"Baba, acha! Bado hajakauka."

Akamwachia.